Muziki Usiofaa kwa Gwaride

Mkuu wetu wa bendi ya jeshi pale kambini Arua alikuwa mtu wa maneno machache. Jeshi lilimpeleka ng'ambo kusomea muziki, na aliporudi alianza kutunga kitu chake mwenyewe. Sisi tulizoea nyimbo za gwaride, na rumba za Kongo kwenye sherehe. Alichotuletea hakikufanana na lolote kati ya hayo mawili. Ngoma kubwa iligongwa taratibu, matarumbeta yakaingia kwa sauti zilizokwaruzana, na mimi mpiga klarineti nilipewa noti ndefu, kimya, kisha noti nyingine ndefu. Baadhi ya wenzangu walinung'unika, lakini amri ni amri.

Tulikipiga mara ya kwanza Koboko, mji ulio karibu na mpaka wa Sudan, kwenye uwanja wa mpira, siku ya sikukuu. Watu walikuja wamevaa vizuri, tayari kucheza. Kabla hatujafika katikati, vijana walianza kupiga miluzi. Wengine walicheka waziwazi, wengine wakaondoka kwenda kutafuta pombe. Lakini upande wa soko watu walikuwa wametulia kabisa. Mama mmoja mkimbizi kutoka Sudan, aliyekuwa akiuza chai, aliacha birika lichemke na kumwagika motoni.

Tulipomaliza, makofi yalitoka upande huo tu. Ofisa aliyekuwa mgeni wa heshima alimwita mkuu wetu mbele ya watu wote.

"Hii iko muziki gani? Askari natembea na hii namna gani?"

"Hii hapana ya kutembea, afande. Iko ya kusikiliza."

"Sisi hapana kuja hapa kusikiliza kilio. Piga rumba!"

Tukapiga rumba, na uwanja ukajaa tena.

Baadaye yule mama alitufuata kwenye lori. Alimuuliza mkuu wetu, "Wewe najua namna gani? Siku sisi nakimbia kwetu, ilikuwa hivi hivi. Kelele kidogo, halafu kimya." Mkuu wetu alimshika mkono kwa mikono yake miwili.

Njia nzima ya kurudi Arua tuligombana. Mpiga ngoma alisema tumeaibishwa. Mpiga tarumbeta, ambaye mazoezini ndiye aliyelalamika kuliko wote, alisema hajawahi kupiga kitu kizuri kama kile. Mkuu wetu aligeuka akaniuliza, "Na wewe?"

"Bado sijui, afande," nilimwambia. "Nataka tukipige tena."

Alitabasamu. "Na mimi nataka."

Ruhusa haikutolewa. Aliomba mara kadhaa, kisha akaacha kuomba, na akaacha kutunga. Alibaki kutufundisha nyimbo za gwaride, kwa uangalifu uleule, ila macho yake yalikuwa mahali pengine.

Vita vilipotufikia mwaka wa sabini na tisa, jeshi letu lilishindwa na bendi ikatawanyika. Mimi na familia yangu tulipitia Midia, karibu na mpaka, tukaingia Kongo. Yeye alikwenda Sudan, na huko ndiko alikofia. Nilipata habari muda mrefu baadaye. Karatasi zake zilibaki kambini, na kambi iliporwa.

Sehemu yangu ya klarineti ningali naikumbuka yote. Siku moja niliwapigia watoto wangu. Walingoja kwa adabu, kisha mkubwa akauliza, "Baba, umeshaanza?" Sikuweza kumlaumu. Bila wale wengine haisikiki kama muziki, na wengi wao hawapo tena.