Matairi Mawili ya Lempi Kangas

Lempi Kangas aliendesha basi la shule miaka ishirini na miwili, na basi lile halikuingia mtaroni hata siku moja. Ungemwambia mkate wake umeungua, angecheka. Ungemwambia nyumba yake inanuka samaki, angekukaribisha uinuse vizuri. Lakini umwambie hajui kuendesha gari kwenye theluji, hapo ulikuwa umejitafutia mwenyewe.

Alistaafu, na basi lile likapewa mwanamume mwenye masharubu ambaye mwaka wa kwanza tu aliliegemeza kwenye nguzo ya simu. Lempi alipita pale kwa miguu, akaitazama ile nguzo, akarudi zake nyumbani.

Mumewe, Waino, alikuwa seremala. Sukari ilianza na macho yake, ikayala nusu, kisha ikashuka kwenye figo. Sasa ilibidi asafishwe damu kwa mashine Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kule mjini Hancock, maili thelathini na moja kutoka mlangoni kwao. Kiangazi chote hiyo haikuwa shida. Lempi alimpeleka, akafuma soksi akimsubiri, akamrudisha. Shida ilikuwa Novemba, upepo wa Ziwa Superior ulipoanza kumwaga theluji kama mtu anayekung'uta godoro.

Binti yao Marlene alikaa Hancock, mitaa miwili tu kutoka hospitalini. Akaja Jumapili moja, akakaa mezani bila kuvua koti.

"Baba ahamie kwangu mpaka Aprili," alisema. "Na wewe pia, Mama. Chumba kipo."

"Nyumba hii nimeijenga kwa mikono yangu," Waino akasema. "Na sauna ile pale nje, ya kuogea mvuke, nimeijenga. Mtanitoa humu nimelala kwenye sanduku."

"Basi Mama afunge matairi ya theluji. Manne. Yale ya misimu yote siyataki kuyaona."

"Matairi ya theluji ni ya watu wasiojua kuendesha," Lempi akasema.

"Mama, usianze."

"Sijaanza. Nimemaliza."

Waino akanyoosha mkono, akapapasa mezani mpaka akaupata wa mkewe. "Fanya, Lempi. Kwa ajili yangu. Nikae kwangu."

Mwanamume huyu hakuwahi kumwomba kitu miaka arobaini na sita. Lempi akasema sawa, atafunga.

Jumanne akaenda gereji kwa Denny LaBine. Denny alikuwa na kipara na watoto watatu, lakini kwa Lempi alikuwa bado mtoto wa kituo cha tisa, karibu na kanisa.

"Manne, Bi Lempi?"

"Mawili."

Denny akaweka spana chini. "Mawili hayafungwi."

"Gari hili linavutwa na miguu ya mbele. Weka mbele mawili, nyuma itafuata."

"Nyuma haitafuata, hilo ndilo tatizo. Mbele ikishika na nyuma isishike, ukipunguza mwendo tu kwenye kona, nyuma inataka kutangulia. Na haya yako yamekwisha. Baridi ikikaza, mpira wake unakuwa mgumu kama sahani. Kuondoka utaondoka, Bi Lempi, kila mtu anaondoka. Kazi ni kusimama na kukata kona."

"Denny LaBine."

"Naam, Bi Lempi."

"Nani alikupeleka shule toka darasa la kwanza?"

"Wewe."

"Nilikutia mtaroni siku ngapi?"

"Hata moja. Lakini basi lile lilikuwa zito, nyuma lina matairi mawili mawili, na siku mbaya ulikuwa unayafunga minyororo..."

"Na wewe ulinitapikia kiti cha nyuma mara ngapi?"

Wazee wawili waliokuwa wakisubiri magari yao wakachekea kwenye vikombe vya kahawa. Denny akawa mwekundu mpaka kwenye kipara.

"Basi angalau niyafunge nyuma," akasema kwa sauti ya chini. "Kama ni mawili, yakae nyuma."

"Nyuma! Wewe ukitoka nje kwenye baridi unavalisha glavu matako?"

Wazee wakacheka tena, na Denny akashindwa. Akayafunga mbele, nati baada ya nati. Alipompa ufunguo hakumtazama usoni.

Mwenye kuuliza kwa nini hakufunga manne, na uwezo alikuwa nao, hajui alivyo mtu mwenye jina la kulinda. Matairi mawili yalikuwa ya kumnyamazisha Marlene. Mawili mengine aliyakataa kwa ajili yake mwenyewe, kwa ile miaka ishirini na miwili. Kuyafunga yote ilikuwa kama kwenda kanisani kutangaza kwamba kumbe miaka yote ile ilikuwa bahati.

Alipoingia jikoni Waino alikuwa na kikombe chake kimoja cha kahawa, kile kimoja alichoruhusiwa kwa siku, anakinywa kidogo kidogo kisiishe.

"Umefunga?"

"Nimefunga."

"Yote manne?"

Lempi alikuwa amempa mgongo, anaosha mikono. Maji yalikuwa yanatiririka. Angeweza kujifanya hakusikia.

"Yote," akasema.

"Asante, Lempi."

Hiyo asante ilimchoma. Akachukua mkate wa iliki, akamkatia kipande kikubwa kuliko siku zote. Kisha akatoka nje, akatia magunia mawili ya mchanga kwenye buti la gari, kama baba yake alivyokuwa akitia kwenye lori la magogo, na moyo ukatulia kidogo.

Desemba nzima gari lilikwenda vizuri ajabu, na hapo ndipo kosa lilipokomaa. Mlima wa kanisani, ambao magari ya wengine yalikuwa yanakwama katikati na kuanza kurudi nyuma, Lempi aliupanda kama anapanda ngazi za kwao. Siku moja alimpita mchungaji amekwama pale, mikono kiunoni. Akampigia honi.

"Nani huyo?" Waino akauliza.

"Mchungaji. Anaombea gari lake."

Waino akacheka mpaka akakohoa. "Kumbe yanafanya kazi, haya matairi yako."

"Yanafanya."

Na kwa kuwa yalimpandisha, akadhani yatamteremsha. Kila wiki aliongeza mwendo kidogo.

Jumatatu moja ya Januari upepo ulikuwa umevuma toka Jumamosi. Jumatatu ndiyo ilikuwa siku mbaya ya Waino, maana siku mbili zinapita bila mashine na maji yanamjaa mwilini. Asubuhi ile miguu ilikataa kuingia viatuni. Alipumua kama mtu aliyetoka kupasua kuni. Simu ikalia.

"Mama, msitoke," Marlene akasema. "Lori la kukwangua theluji halijafika kwenu. Subirini lipite."

"Nikisubiri, baba yako atazama akiwa kwenye kiti chake. Nina matairi."

Akakata simu. Akamvika Waino soksi mbili mbili na makubazi yake ya ndani, akamfunga mkanda, wakaondoka.

Wakapanda mlima wa kanisani. Wakapita shule. Baada ya shule barabara inashuka kwenda mtoni, na chini kabisa, kabla ya daraja, inakata kulia. Pale Lempi amepita mara elfu. Aliinua mguu kutoka kwenye mafuta, hata breki hakugusa, akazungusha usukani kidogo. Mbele ikashika. Nyuma haikushika. Magunia ya mchanga, yale aliyoyatia ili yakalishe gari barabarani, yakalivuta tako la gari kwenda nje kama mtu anayerusha ndoo, na daraja ambalo lilikuwa mbele likawa kulia, kisha likawa nyuma. Mikono yake ilijua la kufanya. Ilizungusha upande unaotakiwa, kwa wakati unaotakiwa, na haikusaidia kitu. Gari lilizunguka kama pia, likaingia kinyumenyume kwenye ukuta wa theluji kando ya barabara, hatua kumi kutoka mtoni.

"Waino?"

"Nipo."

"Umeumia?"

"Miwani yangu iko wapi?"

Dirisha la nyuma lilikuwa jeupe tupu. Bomba la moshi lilikuwa limezikwa, na Lempi alijua maana yake: ukiacha injini inanguruma utajaza moshi ndani na mtalala usingizi wa moja kwa moja. Akaizima. Joto likaanza kuondoka. Akatoka kwenye kiti chake, akamsogelea Waino karibu amkalie mapajani, akamfunika blanketi na koti lake mwenyewe, akashika ile miguu iliyovimba kwa mikono miwili. Alisikia kila pumzi yake. Kila moja ilikuja fupi kuliko iliyotangulia, au yeye ndiye aliyeisikia hivyo. Walikaa hivyo dakika arobaini. Lempi alikuwa na maneno, lakini yote yalianza na uongo.

Lori la theluji likaja, taa zake za njano zinazunguka. Dereva, Ray Maki, jitu kubwa lenye sauti ya trekta, alimbeba Waino kama gunia la viazi akampandisha kwenye lori lenye joto. Akaongea na Hancock kwa redio, akasema mgonjwa anakuja. Kisha akafunga mnyororo, akalivuta gari la Lempi kutoka ukutani. Akalizunguka kuona kama limevunjika.

"Hee, Mama!" akapiga kelele, na mlango wa lori ulikuwa wazi. "Mbele umevaa buti, nyuma umevaa ndara! Nani kakufungia hivi?"

"Endelea na kazi yako, Ray."

"Nyuma kuna nini?" Waino akauliza kutoka juu.

"Ya zamani, mzee. Yana upara kama babangu. Ya theluji ni haya mawili tu ya mbele."

Waino aligeuza uso kuelekea sauti ya mkewe, na miwani aliikosa, kwa hiyo hakuwa akiona kitu, lakini alimtazama hivyo hivyo. Kisha akamwambia Ray, "Funga mlango, mwanangu, baridi inaingia."

Lempi alifuata nyuma ya zile taa za njano mpaka Hancock, kwa mwendo ule ule wa lori.

Hospitalini walimwahi. Walimuunganisha kwenye mashine, na kidogo kidogo pumzi yake ikarefuka. Lempi akakaa kando yake bila soksi ya kufuma, mikono imelala mapajani.

"Ungeniambia ni mawili," Waino akasema, macho yamefumbwa, "ningenyamaza."

"Usingenyamaza."

"Labda nisingenyamaza. Lakini ningejua ninapanda nini."

"Miaka ishirini na miwili, Waino, sijawahi..."

"Basi, Lempi. Wale walikuwa watoto wa watu, hukuwadanganya."

Lempi aliangalia damu ya mumewe ikipita kwenye mipira, inakwenda na kurudi.

Jioni Marlene alikuja kumchukua baba yake. Hakumsuta mama yake hata kwa neno moja, na Lempi angependa asutwe. Waino mwenyewe alipanda gari la binti yake, bila kuambiwa.

Kesho yake Lempi alikuwa kwa Denny kabla gereji haijafunguliwa.

"Manne," akasema.

Habari ilikuwa imeshafika. Denny alisimama pale, mikono mfukoni. "Nilipaswa kukukatalia, Bi Lempi. Siku ile. Nimekaa nikifikiria, ningekukatalia."

"Ungeweza?"

"Sijui."

"Hukuweza. Hakuna aliyeweza. Funga."

Akafunga. Akafungua buti, akatoa magunia ya mchanga, akayaweka ukutani. Kutoka hapo Lempi alikwenda uwanja wa kanisa, ulikuwa mtupu, theluji imeshindiliwa inang'aa kama kigae. Akakimbiza gari, akakanyaga breki. Likasimama, limenyooka. Akarudia. Akakata kona kwa makusudi, vibaya, kama yule mwenye masharubu, na nyuma ikafuata mbele kama mtoto aliyeshikwa mkono. Mara sita alifanya hivyo. Ya sita alikaa na kuupiga usukani kwa kiganja. Afadhali matairi yale yangekuwa bure. Yangekuwa bure angekuwa na la kujitetea.

Januari ikaisha hivyo, yeye kule na mumewe huku. Jumamosi aliwasha sauna, akakaa peke yake kwenye benchi la chini, akatoka kabla mawe hayajapata moto sawasawa. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa alikwenda Hancock, akakaa kando ya mashine, akarudi. Hakuteleza hata kidogo. Waino alimwuliza habari za nyumba, kama paa limekwanguliwa theluji, kama panya wameingia. Habari za barabara hakumwuliza.

Ijumaa moja ya Februari, jua limetoka, Lempi akasema, "Nimefunga manne."

"Marlene kaniambia."

"Twende nyumbani. Siku mbili tu. Ukalale kitandani kwako, Jumapili nitakurudisha."

Waino akaomba koti.

Nje ya hospitali hakuingia garini. Alilizunguka, fimbo mkono mmoja, na kwenye kila gurudumu aliinama kwa taabu, akavua glavu, akapapasa mpira kwa vidole kama alivyokuwa akipapasa mbao. La kwanza. La pili. Watu walipita wakitazama. Lempi alisimama na ufunguo mkononi, mwanamke ambaye hakuwahi kukaguliwa na mtu, akangoja akaguliwe. La tatu. La nne. Waino akavaa glavu, akaingia, akajifunga mkanda.

Walipita mtaa wa Marlene. Walipita duka la mwisho. Mji unapokwisha barabara inaanza kuteremka kuelekea nyumbani, na hapo Lempi aliona mkono wa mumewe umeshika mpini wa juu ya mlango, vidole vimekuwa vyeupe. Jasho lilikuwa linamtiririka kwenye sikio.

"Nakwenda polepole," Lempi akasema.

"Najua."

"Ni manne. Umeyashika mwenyewe."

"Najua, Lempi. Inatosha. Nirudishe."

Alikuwa na mengi ya kusema, maana siku zote alikuwa nayo. Akakanyaga breki. Gari likasimama palepale, limenyooka. Akawasha taa ya kugeuka, akangoja lori moja lipite, akageuza, akamrudisha mumewe kwa binti yake.