Fundo la Katani

Kamba ya kuanikia nguo imenyeshewa, na harufu ya katani iliyolowa imeingia mpaka jikoni.

Kwetu mbuzi walifungwa malishoni kwa kamba za katani alizosokota bibi mwenyewe, pajani pake. Katani ikilowa hukaza, na fundo halifunguki tena. Kwa hiyo wingu lilipotanda upande wa milimani, jeusi kama sufuria ya msibani, tulikimbilia bondeni kuwafungua kabla ya tone la kwanza.

Tuliwawahi wote isipokuwa mmoja mwenye mimba, aliyefungwa ng'ambo ya korongo.

"Bibi, tumwache huyo."

"Ana mzigo wake. Wewe tangulia na hawa, na usisimame njiani."

Akavuka korongo likiwa bado kavu. Mvua ikashuka. Nilikuwa nimefika kwenye mahindi niliposikia mbuzi akilia, na bibi, aliyekuwa mkunga, akimbembeleza kama anavyombembeleza mzazi mwenye uchungu: "Tulia, mama. Tulia." Kisha korongo likanguruma, nisisikie kingine.

Asubuhi mbuzi alisimama mlangoni peke yake, kipande kifupi cha kamba kikining'inia shingoni. Mama alikishika, akakitazama sana. Hakikukatwa kwa panga. Kilikuwa kimetafunwa karibu kabisa na koo, mahali ambapo mbuzi hafikishi meno yake.

Bibi hakuonekana tena. Mbuzi alizaa salama, na hakuna aliyemfunga.

Mvua imekatika. Nguo zangu bado ziko nje.