Silikoni ya Sampo

Mume wangu alipokwenda Kigoma kuendesha greda kwenye barabara inayojengwa huko, aliiacha pikapu yetu uani, haitembei. Oili ilikuwa inavuja na moshi ulikuwa mwingi. Tukakubaliana injini ishushwe, ifanyiwe ovaholi, nami nisimamie. Sikuwa mgeni wa kazi hiyo. Tangu tuoane, yeye akitengeneza gari mimi namshikia tochi na kumpa spana, huku tunapiga stori.

Siku ya kuifunga injini, fundi alikuja asubuhi.

"Shikamoo mama. Imebaki silikoni tu ya kuzibia."

"Marahaba. Naifuata mwenyewe."

Kwenye duka la spea kule Mfaranyaki, muuzaji akaniwekea mezani tyubu nyekundu, nyeusi na ya kijivu. Nilijua ninayoitaka. Nyekundu ni ya penye joto kali. Kwa sampo, lile karai la oili chini ya injini, mume wangu alitumia nyeusi siku zote. Hata hivyo nikatoka nje, nikampigia.

"Sampo nipake silikoni gani?"

"Nyeusi. Oili haiisumbui."

"Na gasketi ya hedi?"

"Hiyo msiipake kitu. Futeni pawe pakavu, muiweke kama ilivyo."

"Hiyo nyeusi tupake nyingi?"

Akacheka kidogo. "Uzi mwembamba tu. Ikizidi inamegukia ndani, inaziba chujio la oili. Lakini haya yote unayajua."

"Nayajua."

Nyuma yake mashine zilikuwa zinanguruma na mtu alikuwa anamwita.

"Endelea kuuliza," akasema. "Bado nipo."

Nikamuuliza tusubiri muda gani kabla ya kutia oili. Akasema mpaka kesho yake, hata kama fundi ana haraka.

Fundi alikuwa na haraka kweli, lakini alipoambiwa hivyo akakubali. Nilimsaidia kufuta silikoni iliyozidi pembeni, vidole vikabaki vinanuka siki, kama mikono ya mume wangu jioni alipokuwa akitoka chini ya gari. Sikwenda kunawa mara moja.

Kesho yake injini ikawaka, ikatetemeka, ikatulia. Nikampigia tena, nikaisogeza simu kwenye boneti.

"Umesikia?"

"Nimesikia. Imetulia vizuri." Kisha akasema, "Mkataba wameuongeza. Sitarudi mpaka mavuno yaishe."

"Sawa," nikajibu. Nikafunga boneti.

Jumamosi niliendesha mwenyewe hadi Lusewa kuchukua mahindi kwa mama yangu. Njiani nilijikuta namwonyesha mume wangu mashamba ya tumbaku yalivyostawi mwaka huu, nazungumza kwa sauti, na kiti cha kushoto hakina mtu. Nikaendelea kuendesha.

Mama alinipokea barabarani. "Mwenzio hajambo?"

"Hajambo, mama. Anakusalimu," nikasema, nikaanza kushusha magunia matupu.