Kazi ya Syntiche Haijaisha

Syntiche, mutoto wa dada yangu, hakai kitako. Anakula amesimama, anasali akitingisha muguu. Kabla ya kuingia kazi katika hii biro hakuwa hivyo. Alisomea ordinateri, zile kompyuta, Lubumbashi, akarudi Kalemie kutengeneza programu ya kuuza tiketi za boti ya Moba, na alikuwa anacheka.

Halafu shefu wake, Thierry, akatoka mafunzo na neno jipya: ajile. Syntiche alifurahi, alilijua. Maana yake wanaofanya kazi wajipimie wenyewe, waikate vipande, waonyeshe mapema, wasahihishe. Asubuhi munasimama kidogo, munaambiana, munaenda kufanya.

Thierry akachukua neno, akaacha maana. Mimi njo ninawapelekea chai pale biro, ninaona: wanasimama mpaka inapoa, yeye amekaa.

"Ile kipande itachukua siku ngapi?"

"Kumi, Shefu."

"Andika siku ine. Ajile njo mbio."

Siku ine zikipita, anamuita Syntiche muvivu mbele ya wote. Saa za kusahihisha zinaliwa na kueleza kwa nini hajasahihisha.

Ijumaa mwenye boti, Mama Alphonsine, alikuwa anakuja kuonyeshwa. Asubuhi ile Syntiche akaona ubaya: watu wawili wakinunua pamoja, programu inawapa kiti kimoja. Boti itajaa kupita kiasi, na ziwa letu munalijua.

"Shefu, haijaisha."

"Sema imeisha. Tutaitengeneza katika mbio zinazokuja, kwa kipande kinachofuata."

"Na watakaopanda kabla ya hizo mbio?"

"Ukisema haijaisha mbele ya Mama, Jumatatu usirudi."

Mama Alphonsine akaja, akabonyeza simu, akafurahi. "Niitumie kesho?"

"Kesho, Mama!" Thierry akadakia.

"Wewe njo ulitengeneza? Nimeuliza mutoto."

Syntiche akatoka mbele. "Usiitumie, Mama. Itauza kiti kimoja kwa watu wawili."

"Amechoka tu," Thierry akacheka.

"Nani amemuchokesha? Kesho ninauza na karatasi. Hii nitaichukua siku yeye atasema imeisha."

Tangu hapo Thierry hajapiga simu kusema kama anamufukuza ama anamuacha. Akimufukuza Syntiche, Mama Alphonsine anaondoka. Akimuacha, aibu inamukaba.

Leo Jumatatu, Syntiche amevaa tangu alfajiri, anazunguka nyumba.

"Mama mudogo, niende?"

"Nenda! Akufukuze kwa mudomo wake, tumusikie."

Ametoka. Kwenye kona akasimama, akaangalia simu kama Thierry ameita, akaendelea mbele njia ya biro haraka, kama anayekimbizwa.