Amina ya Bibi

Juzi umeme ulikatika, jirani yangu akatoa jiko lake la mchina uani, na harufu ya mafuta ya taa ikanifuata mpaka sebuleni. Hapo hapo nikashikwa na njaa. Najua mtanishangaa, maana harufu ile huwakata watu hamu ya kula. Mimi hunitia njaa, tena njaa yenye hasira ndani yake, na hasira hiyo nimekuwa nayo tangu nikiwa darasa la nne, nyumbani kwetu Mtendeni, pale mjini Tabora, msimu ule baba yangu aliposhindwa kumaliza sala ya chakula.

Si kwamba hakujua kuomba. Baba, Mzee Samweli, alikuwa mzee wa kanisa, na watu walimfahamu kwa kuomba kuliko kwa asali aliyokuwa akiuza. Jumapili alipoitwa mbele kuongoza sala ya toba, kina mama walianza kutafuta leso kabla hajafungua mdomo. "Sisi ni mavumbi mbele zako, Bwana," angeanza, polepole, na sauti ingeshuka mpaka chini kabisa kisha ipande tena, na kanisa zima lingeguna pamoja naye. Tulipotoka nje watu walimshika mkono na kumwambia kwamba leo ameomba kwelikweli. Mama alikuwa akisimama pembeni na Biblia yake kifuani, akitazama viatu vyake.

Nyumbani aliomba vilevile, kwa urefu uleule, ila badala ya kanisa zima tulikuwa Mama, mdogo wangu Eliya, Bibi na mimi, na katikati yetu sinia la ugali lililokuwa linapoa. Utaratibu wa nyumba yetu ulikuwa hivi. Baba akimaliza kuomba, sisi tuliitikia amina, lakini hakuna mkono uliogusa ugali mpaka Bibi aitikie ya kwake. Bibi ndiye mama mzazi wa Baba. Amina yake ilikuja ya mwisho, peke yake, kwa sauti nene, na ndiyo iliyofungua chakula. Ndivyo walivyolelewa kwao, mkubwa wa nyumba ndiye anayepokea sala, na hata mchungaji alipotutembelea alisubiri kama sisi, jicho moja kwenye kuku.

Basi, asali. Baba alinunua asali kwa warinaji wa huko Ulyankulu, wakamletea kwa baiskeli katika madebe. Yeye na Mama waliichuja, wakaimimina katika makopo ya bati yenye vifuniko, ikaenda sokoni. Makopo alitutengenezea Fundi Mrisho, ambaye ua wake na wetu ulitenganishwa na ukuta wa udongo uliobomoka upande mmoja, na kwenye pengo lile ndipo nilipokuwa nikipita kwenda kwa binti yake, Zainabu. Asubuhi niliamshwa na adhana, kisha nyundo ya baba yake Zainabu. Sokoni wauza asali wote walichukua makopo kwake. Kazi yake ilikuwa hiyo tu, na ilimtosha.

Siku moja mteja mkubwa wa Baba, mama mmoja mwenye mgahawa karibu na stesheni, akarudisha mzigo wote. Asali ilikuwa inanuka mafuta ya taa. Aliifungua pale pale sokoni, mbele ya watu, akaisogeza puani kwa Baba. Baba aliona aibu, na aibu yake siku zote ilitoka kwa kelele. Akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwa wauza samaki kwamba Mrisho amemtapeli, kwamba anakata makopo kwenye madebe ya mafuta ya taa na kuyapaka rangi yaonekane mapya.

Jioni ile ile Mama akaenda kujaza taa. Akachukua faneli, ile ya bati tuliyokuwa tukimiminia mafuta ya taa, akaikuta ina asali iliyoganda shingoni. Sote tulikuwa uani. Aliinyanyua tu, akamwonyesha Baba. Baba ndiye aliyemimina mzigo ule, siku ambayo Mama alikuwa msibani, na alichukua faneli ya kwanza aliyoiona. Akaitazama, akaipokea, akainusa. Kisha akasema, "Nitamwambia. Kila kitu kina wakati wake."

Wakati huo haukuja. Ilikuja Jumapili, akaongoza sala ya toba, watu wakalia. Ikaja Jumapili nyingine. Huku nyumbani nyundo ya Fundi Mrisho ilianza kuchelewa asubuhi, halafu ikawa inagongwa kidogo na kunyamaza, kwa sababu wauza asali walikuwa wamehamia kwenye vidumu vya plastiki. Nani atatia asali yake kwenye kopo ambalo mzee wa kanisa amelishuhudia vibaya? Mrisho alikuja mara moja mlangoni kumuuliza Baba kwa upole ni kopo lipi lililonuka, aliangalie. Baba alimjibu kwamba ana haraka, anawahi kikao cha wazee. Zainabu akaacha kupita kwenye pengo. Nikimwita ananijibu kwamba mama yake anamtuma. Siku aliyonijibu vizuri ndiyo iliyoniumiza zaidi, maana aliniambia kwamba kazi ikiendelea hivi watahamia Lusu, kule Nzega, kwa babu yake mzaa mama, wakalime.

Hapo ndipo Bibi alipogoma.

Jioni hiyo kulikuwa na kisamvu cha karanga, chakula ambacho ningeweza kukila mpaka nilale juu yake. Baba akaomba. Akapita kwenye mavumbi, akapita kwenye rehema, akafika mahali alipopapenda: "Na kama tumekosa, Bwana, kwa kujua au kwa kutokujua, utusamehe." Tukaitikia amina. Tukasubiri. Bibi alikuwa amefumba macho, mikono magotini.

"Mayu," Baba akamwita, kama Wanyamwezi wanavyowaita mama zao, "nimemaliza."

"Bado," akasema Bibi. "Ongeza."

Baba akaongeza. Akaombea wagonjwa, wajane, wasafiri, viongozi wa nchi. Bibi kimya. Akarudia toba upya, kwa maneno mazuri zaidi. Kisamvu kilianza kushika utando juu. Eliya alikuwa anakodolea macho nyama ambayo hata haikuwepo. Mwishowe Mama akakohoa, na Bibi akafumbua macho akasema, "Waacheni watoto wale." Akanyanyuka na fimbo yake, akaenda kukaa mlangoni. Amina hakuitoa, na chakula hakugusa.

Ikawa hivyo kila jioni. Jamani, niseme ukweli, nilimchukia kila mtu mle ndani. Nilimchukia Baba kwa ile "kama" yake. Kama vipi, wakati faneli inaning'inia msumarini mbele ya macho yake? Nilimkasirikia Bibi pia, kwa sababu mgomo wake uliangukia tumboni mwangu. Kwa nini asimwambie tu waziwazi mbele yetu, yeye aliyemzaa? Nilimkasirikia Mama kwa kupasha chakula na kunyamaza. Watu wazima walikuwa watatu, wote wanajua, wote wanamcha Mungu, na hakuna aliyeweza kutembea hatua chache mpaka kwenye pengo la ukuta. Na kila jioni Mungu alisumbuliwa kwa maombi marefu kuhusu wajane.

Kukataa kula kwa Bibi nilidhani ni kiburi cha uzee. Nilikuwa mkubwa tayari, na watoto wangu, Mama aliponieleza kwamba Bibi alikuwa amefunga. Alikuwa anamwombea mwanawe, kwa Kinyamwezi, pale mlangoni, na tumbo tupu. Yeye hakuwa na maneno kama ya Baba. Mama alimsikia akirudia sentensi moja tu, kwamba mtoto wake asipotee.

Siku iliyovunja mambo, Zainabu alikuwa amekuja kuturudishia kinu. Ilikuwa jioni, jua halijazama. Alimsalimia Bibi, "Shikamoo, Bibi," akaitikiwa, akakiweka kinu chini na kusema mama yake ameshukuru, wanarudisha vya watu kwa sababu wanaanza kufunga vyombo. Akaondoka. Chakula kilikuwa mezani. Baba akafumba macho, akasema, "Baba Mtakatifu," halafu akakwama.

Hatukuwa tumewahi kumsikia akikwama. Eliya akafumbua macho kuangalia. Kisha Baba akasema, kwa sauti ya kawaida, ile ya kuulizia chumvi, "Nilimsingizia Mrisho. Faneli ilikuwa yangu. Niliogopa watu wanicheke."

Tukaitikia amina, mimi kwa nguvu kuliko wote, na mkono nikausogeza kabisa. Bibi hakuitikia.

"Mayu, nimesema!" Baba akalia. Kweli alilia, na mimi nilikuwa karibu kulia naye, kwa ghadhabu. Huyu mwanamke alikuwa anataka nini tena?

"Umemwambia ambaye alikuwa anajua," akasema Bibi. "Mrisho hajui."

Baba akanyanyuka. Akatoka peku, akapita kwenye pengo la ukuta ambalo lilikuwa saizi yetu sisi watoto, akachubuka bega. Mama alimfuata, nasi tukamfuata Mama. Fundi Mrisho alikuwa barazani anatia udhu. Baba akasimama mbele yake na kumwambia maneno yale yale, hakuyaremba, na akamalizia, "Nakuomba unisamehe, jirani."

Mrisho akamaliza mguu wa pili, akaweka birika chini. Hakuwa mtu wa hasira, na kwa upande wangu ingekuwa nafuu angepiga kelele.

"Mimi nimekusamehe, Mzee Samweli," akasema. "Lakini yale ya kwanza hukuyasemea barazani kwangu. Uliyasemea sokoni, mchana."

Kesho yake mchana Baba akaenda sokoni. Bibi alitaka kwenda, kwa hiyo nilimshika mkono tukaenda naye, mwendo wake wa fimbo. Baba alisimama pale penye wauza asali. Alikuwa ameibeba faneli yenyewe. Akawaambia kwamba makopo ya Mrisho hayakuwa na kosa lolote, kosa ni lake, alimimina asali kwa faneli ya mafuta ya taa, na alipojua alinyamaza, akaendelea kuomba kanisani huku amenyamaza. Hiyo ya mwisho hakuna aliyemtaka aiseme. Mwanamke mmoja muuza karanga akaangua kicheko, "Kumbe ni faneli!" na soko lote likapasuka. Tangu siku hiyo Baba akaitwa Mzee Faneli. Aliitwa hivyo mpaka akawa mzee wa mvi, na watoto wadogo walimwamkia hivyo wakidhani ndilo jina lake, naye akawaitikia marahaba. Kile alichokiogopa kilimpata chote, na alikibeba.

Jioni ile Bibi aliitikia amina na kula ugali wote uliokuwa upande wake na nusu ya wangu.

Mimi nikadhani mambo yamekwisha. Mtoto huamini hivyo, kwamba ukisema ukweli vitu vinarudi mahali pake. Nikaenda kwa Zainabu kumwambia wafungue vyombo, nikakuta mikeka imeshafungwa kamba. Mkwe wa Mrisho alikuwa ameshawakatia shamba kule Lusu, na mahindi hayasubiri, na wauza asali walikuwa wameshazoea plastiki, nyepesi, haishiki kutu. Nilirudi nyumbani nikamwambia Baba usoni, "Umechelewa." Mama alitaka kunichapa. Baba akamzuia, akasema, "Mwache. Nimechelewa kweli."

Asubuhi waliyoondoka tulitoka wote kuwasindikiza kituo cha basi. Mizigo ikapandishwa juu, mifuo ya kufulia bati na nyundo zikafungwa ndani ya gunia. Zainabu na mimi tukawa tunashikana vidole tu na kuachia. Mrisho akampa Baba mkono, kisha akamwambia, "Mzee, wewe ni mtu wa sala. Tuombee safari."

Baba akavua kofia. Nikajiandaa. Nilitaka aombe kama hajawahi kuomba, mavumbi na rehema na kila kitu, aombe mpaka dereva achoke na basi liondoke bila wao. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilitamani sala ya Baba iwe ndefu.

"Mungu, wafikishe salama," akasema Baba. "Mimi ndiye niliyewafukuza. Nisamehe."

Basi. Akavaa kofia. Mrisho akaitikia "Amin", akapanda, kondakta akagonga bati, wakaenda.

Niliudhika kiasi kwamba njia nzima ya kurudi nilitembea mbele yao peke yangu. Kipaji chote kile, miaka yote ile, na siku rafiki yangu anapoondoka anaambulia vijineno vichache! Nilimwona Baba amefilisika kabisa, na kanisani pia walimwona hivyo, maana hakuomba tena kwa namna ile, na baada ya muda wakamchagua mwingine wa kuongoza toba, mwenye sauti nzuri. Ilinichukua miaka mingi, na makosa yangu ambayo hayawahusu ninyi, kugundua kwamba sala za Baba za utotoni mwangu nimezisahau karibu zote, na ile ya kituo cha basi ndiyo ninayoisali.