Kanzu ya Mwokaji na Kiti cha Dirishani

Bi Pindo hakuwahi kutazama mechi hata moja hadi mwisho, wala hakuona haya kulisema hilo. Jina lenyewe alipewa na wateja wake, kwa kuwa nguo haikutoka mikononi mwake kabla hajalikagua pindo lake mara mbili. Hata hivyo, kila siku ilipotimia saa nne asubuhi, cherehani yake ilinyamaza, nyundo ya shemeji yake fundi viatu ikanyamaza pia, na wawili hao wakainamia simu zao kama watahiniwa.

Kilichowainamisha kilikuwa fumbo la michezo. Lilitolewa mara moja kwa siku: maneno kumi na sita ndani ya visanduku, nayo kazi ni kuyagawa katika makundi manne, kila kundi maneno manne yenye undugu. Aliyekosea mara nne alifungiwa mlango hadi kesho yake.

Wiki hiyo hawakucheza kwa kujifurahisha tu. Karakana waliyoshirikiana ilikuwa na dirisha moja, na kiti cha dirishani alikikalia shemeji tangu siku ya kwanza, kwa hoja kwamba ndiye aliyekuja na ufunguo. Bi Pindo alishonea pembeni, chini ya taa yenye mwanga wa kubembeleza, na kwa macho yake ya miaka hamsini na minane, nyuzi nyeusi na za buluu zilikuwa mapacha. Alipokiomba kiti kwa mara ya ishirini, shemeji alichoka kukataa. Wakapatana: siku saba za fumbo, na atakayetangulia mara nyingi zaidi ndiye mwenye dirisha mwaka mzima. Siku ya sita ilipokwisha, walikuwa tatu kwa tatu.

Siku ya saba maneno yalifunguka. Filimbi, kadi, saa na bendera wote wawili waliyaona papo hapo kuwa ni vifaa vya mwamuzi. Yalibaki kumi na mawili, na hapo ndipo kila mmoja alipopigwa na kazi yake mwenyewe.

Bi Pindo aliona nguo. Jezi, kaptula, soksi, kanzu: nani angebisha? Simu ilibisha. Akatoa soksi, akaweka glavu. Ikabisha. Akatoa kaptula, akarudisha soksi. Ikabisha tena.

Shemeji naye aliona viatu. Njumu, vile viatu vya mpira vyenye meno chini, pamoja na soksi, kamba na kisigino. Alikosea mara tatu, na kila mara alibadilisha neno jingine lakini kisigino hakukiachia. Miaka thelathini alikuwa amekigongea misumari na kukipaka gundi. Ningekuwa mimi, pengine nisingekiachia pia.

"Shemeji, mbona kimya?" aliuliza Bi Pindo. "Umebakiwa na nafasi ngapi?"

"Zinanitosha. Wewe?"

"Zinanitosha na za kukuazima."

Kila mmoja alikuwa na moja.

Wakati huo aliingia mwokaji mikate wa jirani, bado ana unga nyusini, kujaribu kanzu yake mpya. Bi Pindo alimkabidhi bila kuondoa macho kwenye simu. Mwokaji akainua mikono, akajitumbukiza ndani, na mambo yakaishia hapo. Mikono ilitokea mikononi; kichwa hakikutokea popote. Alizunguka mara moja, akagonga meza, akaomba radhi kwa meza.

"Bi Pindo," sauti ilitoka ndani ya kitambaa, "shingo umeiweka wapi?"

Shemeji alicheka hadi akashika mbavu. Akaigiza sauti ya mtangazaji wa redio: "Mwokaji huyoo, anageuka kushoto, anageuka kulia, amepigwa kanzu."

"Amepigwa nini?"

"Kanzu. Bi Pindo, hata hilo hulijui? Mchezaji akiupitisha mpira juu ya kichwa cha mwenzake akaukuta upande wa pili, ndiyo kampiga kanzu. Ni kama chenga, kama tobo, ni ufundi wa..."

Akauziba mdomo kwa kiganja, akachelewa. Wahenga walisema ulimi uliponza kichwa, na kichwa cha shemeji kilikuwa kimeponzeka mchana kweupe.

Bi Pindo alikuwa ameshabonyeza kanzu, chenga na tobo. Lilibaki la nne. Hakuwa fundi viatu. Kwake yeye kisigino kilikuwa sehemu ya mguu tu, na mguu kwa vyovyote hupiga mpira. Akabonyeza. Kundi likageuka kijani.

"Kisigino?" alinong'ona shemeji aliyechungulia begani mwake. "Kisigino changu?"

"Si chako tena, baba." Akabonyeza yaliyobaki bila kupumzika. Jezi, kaptula, soksi, njumu: mavazi ya mchezaji. Ulingo, raundi, glavu, kamba: ndondi. Kwisha.

Mama mtu mzima, mwenye wajukuu wanne, aliruka juu akiwa na futi ya kupimia shingoni. Akaizunguka meza akicheza, akamzunguka mwokaji, akamshika mikono akacheza naye, na mwokaji, asiyeona kitu wala kujua sababu, alicheza vizuri mno.

"Jamani," alisema hatimaye, "huku ndani kuna mtu."

"Vumilia kidogo, kaka. Shemeji, nyanyua cherehani."

Shemeji aliinyanyua, akaihamishia dirishani, akiguna kwa uzito wa chuma na wa neno lililomponyoka. Bi Pindo aliketi dirishani, akamvuta mwokaji kwa mkono wa kanzu hadi mbele ya mwanga, akatazama. Ukosi ulikuwa umeshonwa kuanzia mwanzo hadi mwisho, mishono midogo iliyonyooka ajabu, bila upenyo wa kupitisha hata chungwa. Na uzi, ambao yeye aliuona mweusi, ulikuwa wa buluu.

"Hii umeishona gizani," alisema shemeji kutoka pembeni, kwa sauti ya chini iliyokosa ubishi.

"Ndiyo ninayokwambia mwaka wa sita huu."

Akafumua mshono mmoja mmoja kwa ncha ya wembe, taratibu, mwanga umemjaa mapajani. Kichwa kikatokea, chekundu kwa joto, nyusi zikiwa safi sasa, unga wote umebaki ndani.

"Nani kashinda?" aliuliza mwokaji.