Moshi wa Baba Watoto

Asubuhi yao ya mwisho ya kawaida, kabla ya safari ile na kabla ya maradhi yaliyomchukua, Mama Watoto alilishika shati la mumewe kwa vidole viwili, akainusa kola mbele na nyuma, ndipo akampa avae. Ndivyo alivyofanya kila siku tangu mzee alipoapa kuacha sigara, binti yao alipozaliwa. Binti sasa ana watoto watatu. Siku hizi mashati yanavaliwa bila kukaguliwa.

Kesho ya asubuhi ile familia nzima ilishuka ugenini kwa likizo, kwenye baridi ya kukata masikio. Mama Watoto alikuwa amevaa magauni matatu, na soksi za mumewe mikononi. Nje ya uwanja wa ndege mzee alifungua kinywa kuulizia teksi, moshi ukamtoka. Mama Watoto akatua begi chini polepole.

“Baba Watoto, umevutia wapi? Chooni kwenye ndege?”

“Haki ya Mungu, sijavuta.” Ukatoka mwingine.

“Na unaapa huku unafuka.”

Wajukuu walicheka mpaka wakakalia mabegi. Mzee aliona uaminifu wake wa miaka yote ukipeperuka, maana kila neno la kujitetea lilitoka na ushahidi wake. Mkewe akamsogelea, akamnusa mdomo, akakuta harufu ya pipi tu. Akaguna, na guno nalo likafuka. Aliutazama moshi wake mwenyewe, kisha akampangusa mzee kola ambayo haikuwa na kitu.

“Haya, mume wangu,” alisema, “kama ni kuungua, tuungue wote.”